Sare moja, mizigo tofauti: jinsi ya kuandika kanuni ya mavazi inayomtosha kila mwanafunzi

Soma mstari huu taratibu: “Wasichana watavaa sketi ya marinda ya bluu iliyokoza, yenye nembo ya shule, inayovuka magoti, itakayonunuliwa kwa mzabuni aliyeteuliwa.” Ni mstari mmoja tu katika fomu ya kujiunga na shule. Mwalimu mkuu aliyeuandika, au aliyeurithi kwa mtangulizi wake, huenda hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alitaka wanafunzi wapendeze. Lakini ufumue neno kwa neno, kama fundi anavyofumua mshono, uone kilichomo.

“Wasichana”: tayari nusu ya shule imenyimwa suruali. “Marinda”: marinda yakipangwa ya kugusana hula kitambaa kiasi cha mara tatu ya upana wa vazi lenyewe, na kila yakifuliwa yanadai pasi. “Yenye nembo”: sketi ya kawaida ya rangi ileile haifai tena, hata kama dada mtu ameiacha ikiwa nzima. “Inayovuka magoti”: lazima mtu apime, na anayepimwa ni msichana, mara nyingi mbele ya wenzake. Aliyerefuka ghafla likizoni anarudi shule akiwa mkosaji kwa kosa la kukua. “Mzabuni aliyeteuliwa”: bei haina mshindani.

Mjadala wa sare kwa kawaida hukwama kwenye swali la kama ziwepo au zisiwepo, watu wakagawanyika kambi mbili na kurudi nyumbani na misimamo yao. Mimi naona swali lenye faida ni dogo kuliko hilo. Kila kipengele cha kanuni kinafanya kazi gani, na ni nani anayekibeba?

Wanaotetea sare husema zinaficha tofauti za kipato. Ukweli upo. Mtoto haamki akiwaza avae nini ili asichekwe. Ila watoto wana macho. Wanaisoma kola iliyopauka, sweta la kaka lililokunjwa mikono mara mbili, kiatu kilichobandikwa soli. Sketi iliyoachiwa pindo huonekana toka mbali: kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani kimebaki na bluu yake, na kilichobaki nje kimepauka kwa jua na sabuni, kwa hiyo mstari wa giza unazunguka chini ya sketi na kutangaza kwamba nguo hii ni ya mwaka wa tatu. Sare hupunguza uwanja wa mashindano. Haiufuti.

Historia nayo ina kejeli yake. Miongoni mwa sare za kale zinazojulikana sana ni ile ya Christ's Hospital, shule ya hisani iliyoanzishwa London mwaka 1552 kwa ajili ya watoto maskini: koti refu la bluu na soksi za njano. Pale sare ilikuwa nguo anayopewa mtoto asiye nayo. Leo, kwa familia nyingi, sare ndiyo gharama ya kwanza inayosimama kati ya mtoto na mlango wa darasa.

Maana ya neno “anaweza”

Kesi moja ya Uingereza inasaidia kufikiri vizuri kuliko hotuba nyingi za usawa. Katika Mandla dhidi ya Dowell Lee, mvulana wa Kisingasinga alikataliwa na shule binafsi mjini Birmingham kwa kuwa hangevua kilemba wala kukata nywele. Kanuni ya shule haikuwataja Masingasinga mahali popote, ilimhusu kila mwanafunzi. Suala lilifika hadi Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa nchini humo, na likaamuliwa mwaka 1983. Sehemu moja ya mvutano iliangukia neno dogo la sheria: je, mvulana yule “anaweza” kutii kanuni?

Kwa mikono yake, anaweza. Kuvua kilemba ni kazi ya dakika chache. Malodi wakakataa tafsiri hiyo. Wakasema kuweza ni kuweza kutii huku ukibaki na mila na desturi za watu wako. Kwa maana hiyo hakuweza, na shule ikashindwa.

Ningependa kila kamati ya shule isome orodha yake ya sare ikiwa na neno hilo mkononi. Mtoto anaweza kununua? Anaweza kuvaa mwenyewe bila kusaidiwa? Anaweza kukaa, kukimbia, kwenda msalani? Anaweza kuivaa na bado akawa mtoto wa nyumba aliyotoka? Jibu la “akitaka ataweza” halitoshi. Karibu kila kitu kinawezekana ukiwa tayari kumuumiza mtu.

Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikwenda mbele zaidi, katika kesi inayojulikana kwa jina la Pillay. Msichana wa sekondari mjini Durban alikuwa akivaa kipini kidogo puani, desturi ya familia yake ya Kihindu. Upande wa shule ulisisitiza kwamba kipini si amri ya dini, ni hiari. Mahakama ikajibu kwamba hata desturi ya hiari inalindwa ikiwa ina uzito katika maisha na utambulisho wa mtu. Vipi kuhusu ile hofu ya kawaida, kwamba ukiruhusu kipini leo kesho kila mmoja atakuja na lake? Jaji Mkuu Pius Langa hakutishika. Aliandika kwamba wanafunzi wengine wakipata ujasiri wa kuonyesha dini na tamaduni zao, hilo ni jambo la kusherehekewa, litaitajirisha shule na nchi.

Sehemu ambayo wengi huipita ni amri yenyewe. Msichana alikuwa ameshaondoka shuleni hapo, kwa hiyo uamuzi kuhusu kipini peke yake usingebadilisha kitu. Shule iliagizwa irekebishe kanuni zake, kwa kushauriana na wanafunzi, wazazi na walimu, ili pawe na utaratibu unaoeleweka wa kuomba na kupewa nafuu kwa sababu za dini au utamaduni. Mahakama iliiona kasoro pale ilipokuwa: kanuni iliandikwa kana kwamba mtoto wa aina hiyo hatatokea kamwe.

Hii haina maana kwamba kila ombi hukubaliwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2006, Malodi wa Uingereza waliipa haki shule ya Denbigh ya mjini Luton iliyokataa mwanafunzi avae jilbabu, vazi refu la kujisitiri mwili. Shule hiyo ilikuwa na chaguo la shalwari kamizi (suruali pana na shati refu) na hijabu ndani ya sare yake tayari, na ilikuwa imeshauriana na wazazi na misikiti ya eneo hilo kabla ya mgogoro kuzuka. Ilipoulizwa, ilikuwa na la kusema. Nchi nazo hutofautiana: Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2004, imepiga marufuku alama za kidini zinazoonekana wazi katika shule za umma. Mwalimu mkuu hana budi kujua sheria ya mahali alipo. Lakini sheria ni sakafu, na hakuna aliyesema shule isimame hapo hapo.

Mwili haufuati fomu

Dini na mila huleta kesi mahakamani, ndiyo maana zinasikika. Mwili huvumilia kimya.

Mfikirie mtoto mwenye ualbino katika shule ambayo sare yake ni shati la mikono mifupi, kaptula na kichwa wazi. Ngozi yake haina rangi ya kumkinga na jua. Kila paredi ya asubuhi, kila kipindi cha michezo, kanuni inamweka juani. Mikono mirefu, suruali, kofia ya ukingo mpana na miwani ya jua kwake ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi. Kama inabidi mama yake aje ofisini kila muhula kuomba kofia, kasoro iko kwenye kanuni.

Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu hukaa kutwa. Suruali ya mshono wa kawaida imekatwa kwa mtu aliyesimama: akikaa inashuka mgongoni na kujikusanya mapajani. Mifuko ya nyuma na mishono minene anayoikalia kwa saa nane inaweza kumletea vidonda. Sketi ndefu ya marinda, ile ya mwanzo wa makala, inaweza kunasa kwenye gurudumu. Mtoto anayetumia mkono mmoja anahitaji dakika nyingi kufunga vifungo saba na tai, na fundi yeyote anaweza kuacha vifungo vikae mbele kama pambo huku shati likifungwa kwa ukanda wa kunata. Kwa nje hakuna atakayegundua. Mtoto aliyevaa vyuma vya miguu hawezi kuingia kwenye kiatu chembamba cheusi cha kamba, na hakuna mtihani uliowahi kufauliwa kwa sababu ya kiatu.

Halafu kuna wale ambao tatizo lao halionekani. Mwenye pumu ya ngozi huwashwa na sufu na vitambaa visivyopitisha hewa. Mtoto mwenye usonji anaweza kuisikia lebo ya shingoni kama sindano, dakika kwa dakika, huku mwalimu akishangaa kwa nini hatulii. Kuikata lebo ni kazi ya mkasi. Kumruhusu avae fulana laini ya rangi ileile badala ya shati lenye kola ngumu hakumpunguzii yeyote chochote.

Na hedhi. Sketi nyeupe, bukta nyeupe za michezo, blauzi ya kuchomekea isiyofunika chochote: msichana aliye katika siku zake hutumia nusu ya akili yake kufuatilia nyuma ya nguo yake, au anabaki nyumbani. Hata mashindano ya tenisi ya Wimbledon, walioshikilia weupe kwa zaidi ya karne, waliamua kuanzia mwaka 2023 kuwaruhusu wachezaji wanawake wavae kaptula za ndani za rangi ya giza. Shule inaweza kubadili rangi ya bukta bila mkutano mrefu.

Kuhusu nywele nitasema kwa ufupi, maana mada hiyo ina makala yake. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Ghana iliiamuru shule ya Achimota iwapokee vijana wawili wa Kirastafari waliokataliwa kwa sababu ya rasta zao. “Nadhifu” ni neno linaloweza kuandikwa kwenye kanuni. “Za kawaida” ni neno linalouliza kawaida ya nani.

Wasichana, wavulana, na orodha moja

Katika jimbo la North Carolina, Marekani, shule iitwayo Charter Day iliwalazimisha wasichana kuvaa sketi. Mwanzilishi wake alieleza kwamba hilo linalinda uungwana, ambao kwa maneno yake humwona mwanamke kama chombo dhaifu ambacho mwanamume anapaswa kukitunza. Wasichana wenyewe walieleza mambo ya kawaida kabisa: baridi ya miguu, kushindwa kucheza mpira, kukaa sakafuni wakiwa wamekunja miguu upande mmoja ili wasionekane ndani. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema kanuni hiyo inavunja katiba, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ilikataa kulisikiliza shauri hilo. Huko Queensland, Australia, shule za serikali zinatakiwa tangu 2019 kuwapa wasichana chaguo la suruali na kaptula.

Suluhisho ni rahisi mno kiasi kwamba watu hulishuku. Futa vichwa viwili vya “wasichana” na “wavulana”, bakiza orodha moja: suruali, kaptula, sketi fupi ya heshima, sketi ndefu, shati, blauzi. Atakayechagua achague. Binti ambaye nyumbani kwao ni lazima ajisitiri hadi kwenye vifundo vya miguu anapata sketi yake ndefu bila barua. Anayependa kupanda miti anapata suruali. Kijana mkubwa anayeona haya kuvaa kaptula ameokoka. Mtoto asiyejisikia vizuri katika kapu lolote kati ya yale mawili hahitaji kusimama mbele ya mtu kujieleza. Sheria moja, watoto wanne, hakuna aliyeomba ruhusa.

Hapo ndipo ulipo msimamo wangu. Shule nyingi hudhani ujumuishi ni kuwa mkarimu katika kutoa ruhusa maalumu. Ruhusa maalumu ina gharama yake: anayepewa anageuka kuwa mtu wa kuulizwa. “Mbona wewe umevaa hivyo?” Atajibu mara ngapi kwa siku? Akijibu ukweli, ametangaza ugonjwa wake, au dini yake, au umaskini wa nyumbani kwao. Ni afadhali kanuni iwe pana kiasi kwamba wanaohitaji kuombewa nafuu wanabaki wachache sana.

Fedha

Kenya kumefanyika utafiti ambao unafaa kujulikana zaidi. Watafiti David Evans na Muthoni Ngatia walifuatilia watoto waliopewa sare ya bure kwa kuchaguliwa kwa bahati nasibu. Utoro ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja kwa mwanafunzi wa kawaida, na kwa zaidi ya nusu kwa wale ambao awali hawakuwa na sare kabisa. Utafiti mwingine, wa Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, uliohusisha shule za msingi 328 za magharibi mwa Kenya, ulikuta kwamba sare za bure zilipunguza kuacha shule na hata mimba za wasichana wadogo. Ni kipande cha kitambaa tu.

Niseme pia upande wa pili, maana takwimu nusu ni uongo nusu. Evans na Ngatia waliporudi baada ya miaka kama minane, hawakukuta tofauti katika darasa la juu zaidi ambalo watoto hao walilifikia. Sare ya bure ilifungua mlango wa shule. Kilichotokea ndani kilitegemea mambo mengine.

Ukitaka kushusha gharama, anza na nembo. Kila nguo yenye nembo ni nguo isiyoweza kununuliwa kwingine. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2021 kuhusu gharama za sare, na mwongozo wake unazitaka shule zipunguze nguo zenye nembo ziwe chache iwezekanavyo, zisijifunge kwa mzabuni mmoja bila ushindani wa wazi, na zihakikishe sare zilizotumika zinapatikana. Nembo inaweza kuwa kipande cha kushonea tu, kinachouzwa peke yake na kuhamishwa kutoka sweta bovu kwenda sweta zima. Tangaza rangi, si duka. Fundi wa jirani mwenye cherehani akiijua rangi na aina ya kitambaa, anashona, na akiwa muungwana anaacha pindo la kutosha.

Sare zilizotumika zina mtego. Shule inaweka boksi ofisini kwa “watoto wenye uhitaji”, mwezi mzima hakuna anayeligusa, kisha inasema hakuna uhitaji. Nani atapita mbele ya wenzake akachague nguo ya msaada? Shule hiyo hiyo ikiweka siku moja ya kubadilishana kabla ya muhula, kila mzazi alete nguo zilizombana mwanawe na achukue zinazomtosha, mke wa daktari atakuwa anapekua rundo lilelile na mama muuza mkaa.

Getini

Kanuni huandikwa ofisini lakini huishi getini, saa moja na nusu asubuhi, kwa yule mwalimu wa zamu. Mtoto amekuja na raba badala ya viatu. Arudishwe?

Mtoto hanunui viatu. Anayerudishwa anaadhibiwa kwa mfuko wa mtu mwingine, na adhabu yenyewe ni kukosa hesabu na Kiswahili, vitu ambavyo shule ilijengwa ili avipate. Kwa maoni yangu kanuni iseme waziwazi kwamba hakuna mwanafunzi atakayekosa kipindi kwa sababu ya vazi. Mwalimu aandike jina, mzazi aulizwe faraghani, na swali la kwanza liwe “kuna shida gani?” Ofisini ziwepo nguo za akiba za kuazima, safi, zisizo tofauti na za wengine, na majina ya walioazima yasisomwe paredini. Upimaji wa sketi kwa rula ufutwe kabisa. Sijawahi kusikia hoja hata moja ya kielimu inayoutetea.

Kuandika upya

Shule ikitaka kuanza, ianze kwa kuwauliza wanaoumia, ambao kwa kawaida hawako kwenye kamati. Wanafunzi waulizwe kwa karatasi zisizo na majina: ni nguo gani inakusumbua, na inakusumbua ukifanya nini? Majibu yatashangaza. Na kama ningekuwa na uwezo, ningemtaka kila mjumbe wa bodi avae shati la kitambaa kile kile, na tai, akae darasani hadi saa tisa ndipo apige kura.

Kwa nafuu zitakazobaki, paandikwe ni nani anaombwa, anajibu ndani ya siku ngapi, na asiyeridhika aende wapi. Cheti cha daktari kisidaiwe kwa jambo dogo kama lebo au fulana laini, kwa sababu cheti nacho kinagharimu. Nafuu ikishatolewa walimu wote wajulishwe, mtoto asisimamishwe upya kila mwalimu wa zamu anapobadilika.

Ule mstari wa mwanzo ungeweza kusomeka hivi: “Mwanafunzi atavaa suruali, kaptula au sketi ya bluu iliyokoza, ya urefu na mshono wowote wa heshima unaomwezesha kukaa, kukimbia na kujihudumia. Inaweza kununuliwa au kushonwa popote.” Umeongezeka maneno machache, umepungua watoto wa kurudishwa getini.

Kisha kuna tarehe. Bodi zenye nia njema huharibu kila kitu hapa: zinatangaza sare mpya, ya haki na ya bei nafuu, ianze muhula ujao, na mzazi aliyenunua ya zamani juzi ananunua tena. Kanuni mpya itangazwe mapema, ianze na wanaoingia, na waliopo waendelee na walichonacho. Kwa miaka miwili au mitatu paredi itakuwa na bluu za aina mbili. Sweta la zamani livaliwe mpaka viwiko vitoboke.